Vipimo vya Ukuta wa Kulia

Tarehe 3 Machi

Mdogo wangu,

Huku tuko wazima, saruji inashika na mvua bado haijaamua. Simu yangu ilitumbukia kwenye pipa la maji wiki mbili zilizopita, kwa hiyo usikae huko ukisema nimekununia. Barua hii anakuletea dereva wa lori la mchanga. Hupita kwenu kila wiki. Adabu hana, ila mzigo wa mtu haupotezi.

Nina jambo la kijinga la kukuambia, na nusu ya lawama ni yangu. Unajua tunamalizia shule ya watoto wadogo, darasa moja chini na moja juu. Mwenye shule, Mama Mkurugenzi, anataka siku ya ufunguzi, tarehe 4 Mei, iwepo keki yenye sura ya jengo lenyewe. Watu wazima wakusanyike wale milango na madirisha. Mimi nilikuwa juu ya jukwaa napiga lipu, nikawasimulia wenzangu kwamba nina mdogo wangu, karani wa zahanati, ambaye kila Jumamosi hupamba keki saa tatu nzima, halafu huchukua kisu akakwangua mapambo yote kabla jirani hajabisha hodi, na mumewe akapewa keki tupu kama mkate. Tulicheka mpaka ndoo ya mtu ikamwagika. Kumbe Mama Mkurugenzi yuko chini ya jukwaa. Akasema, "Huyo huyo, mwambie anitengenezee."

Nimeshamwambia utakataa. Usijisumbue kutunga maelezo marefu ya kiungwana. Niandikie neno moja tu, "Siwezi", nimpelekee, aende kwa watu wanaojua kazi. Kupaka sukari si mchezo wa mtu anayetetemeka akiona mfuko wa aisingi.

Msalimie shemeji.

Kaka yako,
Fundi

*

Tarehe 10 Machi

Shikamoo kaka,

Barua yako nimeipata, imejaa mchanga. Dereva wako amenisalimia kwa kuniuliza kama ndiye mimi yule wa kukwangua. Naona sifa zangu zimeshafika mbali.

Hilo neno moja nililiandika. Niliandika "Siwezi" nyuma ya kadi ya mgonjwa iliyoharibika, nikaikunja, nikaiweka kwenye mkoba. Nilitembea nayo siku tatu. Siku ya nne nilijiuliza kwa nini umemwambia nitakataa kabla hujaniuliza mimi, na kila jibu nililolipata lilikuvunjia heshima. Nikaichana.

Usidhani nimepata ujasiri. Naogopa, kaka, tena sana. Nikimaliza kupamba huwa naiona keki kwa macho ya watu, naona mstari uliotetema, naona ua lililokaa vibaya, na kisu kinakuja mkononi chenyewe. Shemeji yako hula yale makwanguo kwenye bakuli kwa kijiko na kusema ni matamu. Hiyo ndiyo hadhira yangu, mtu mmoja mwenye kijiko.

Lakini jengo si ua. Jengo lina vipimo. Nitumie vipimo vyote vya mbele, sehemu kwa sehemu, chini na juu, kwa sababu chini itakuwa keki yake na juu keki yake. Mita moja yako itakuwa sentimita tano zangu. Nikifuata vipimo sitahitaji kipaji, na kama ulivyosema tangu zamani, kipaji sina.

Mwambie Mama Mkurugenzi nimekubali.

Mdogo wako

*

Tarehe 17 Machi

Mdogo wangu,

Nimemwambia. Ameuliza kama unajua kusoma ramani. Nimesema unajua kusoma dawa za kikohozi.

Haya, vipimo. Nimevitoa kwenye daftari langu la kazi, si kwenye ramani ya mhandisi, maana yule bwana huchora akiwa amekaa. Kutoka kona ya kushoto. Chini: ukuta mita 2.20, mlango 1.00, ukuta 1.80, dirisha 1.50, ukuta 3.50. Juu: ukuta 2.20, dirisha 1.50, ukuta 2.30, dirisha 1.50, ukuta 2.62. Upana wa jengo ni mita sita, kimo cha kila darasa mita tatu. Paa ni bati la bluu. Usiniulize bluu gani, ni bluu.

Nakuonea huruma, nakwambia kweli. Mimi nikikosea, napiga lipu nyingine juu yake na maisha yanaendelea. Wewe ukikosea, watu mia mbili watakuwa wamesimama na sahani mikononi, na nyapara wetu akiwa mbele yao. Nyapara huyu ni mtu wa kupiga kelele, anayejua jengo kwa kulitazama kutoka kwenye kivuli. Kofia yake ya plastiki haijawahi kuguswa na vumbi. Akiona keki mbovu atapata cha kusema mpaka mwaka ujao, na kila akisema atanitazama mimi.

Kwa hiyo fanya hesabu zako vizuri. Usiniaibishe.

Kaka yako,
Fundi

*

Tarehe 31 Machi

Shikamoo kaka,

Mwambie Mama Mkurugenzi atafute mtu mwingine.

Nimejaribu mara nne. Sikutumia keki, nilijenga kwa maboksi ya dawa ya hapa zahanati, nikayakata kwa vipimo vyako, nikayapaka aisingi ngumu. Mara zote nne ukuta wa kulia umelala. Kushoto umenyooka, mlango uko sawa, madirisha yako sawa, lakini nikifika kona ya kulia, juu kunazidi chini. Si kwa kingi, unene wa penseli hivi, ila ukishauona huoni kitu kingine. Mara ya kwanza nikasema ni boksi limelowa. Mara ya pili nikasema ni meza. Shemeji yako akaweka pima maji juu ya meza, meza iko sawa. Mara ya tatu na ya nne sikuwa na wa kumsingizia.

Nimekwangua zote. Mikono yangu ina kasoro ambayo macho yangu hayaioni mpaka kazi imekwisha, na mtu wa namna hiyo akae dirishani aandike kadi za wagonjwa. Umewahi kuniambia hivyo, siku ya sherehe ya baba ya kustaafu. Ulisema mbele ya wote, ukiinyooshea kidole keki yangu, "Hii imepakwa kwa mguu?" Sikukasirika siku ile, nilikuamini.

Samahani kwa kukuangusha.

Mdogo wako

*

Tarehe 4 Aprili

Mdogo wangu,

Mara nne. Mtoto wa miaka saba anayejenga nyumba ya viberiti angeipata mara ya tatu.

Hiyo sherehe ya baba mimi siikumbuki, ila kama nilisema, basi nilikuwa na macho. Kuta hazipindi zenyewe. Kuta hupindwa na mkono unaochoka kabla ya kona. Nimewaona vijana wengi wa namna yako, mwanzo wa ukuta ni mafundi, mwisho wa ukuta wanafikiria chakula. Unakuwa umeshajua utakosea, basi unawahi kukosea ili uende kulala.

Haya, nikufundishe bure kitu ambacho wengine hunitumikia miaka miwili kukipata. Usianze kona ya kushoto ukaenda kulia. Simamisha kona zote mbili kwanza, zipime kwa timazi, uzi wenye kitu kizito chini, halafu jaza katikati. Aisingi yako ikamate kwa ubavu wa kisu, si kwa ncha. Ukishapitisha kisu, usirudi kupapasa. Lipu inayopapaswa hupata mabaka, na nadhani sukari nayo haipendi kushikwashikwa.

Habari ya kujitoa kwako sitampelekea mtu. Nimeshatamka kwamba unaweza, kwa shingo upande, na sirudi nyuma mbele ya nyapara.

Kaka yako,
Fundi

*

Tarehe 10 Aprili

Shikamoo kaka,

Nimefanya ulivyosema. Nimesimamisha kona mbili kwa timazi, nikajaza katikati. Kona zilinyooka, na safari hii ukuta wa juu ukakataa kuingia. Kipande cha mwisho kilizidi. Unene ule ule wa penseli.

Basi sikukwangua. Nilikaa kitini, nikachukua rula na barua yako, nikajumlisha. Sijui kwa nini sikujumlisha mwanzoni. Nadhani nilikuwa na hakika kosa ni langu, na mtu mwenye hakika hatafuti.

Chini, vipande vyako vyote ni mita kumi kamili. Juu, vipande vyako vyote ni mita kumi na sentimita kumi na mbili. Kwa keki yangu hiyo ni milimita sita. Penseli ya shemeji yako nimeipima, ni saba.

Kwa hiyo mara zote tano nilijenga ulichoniandikia, bila kupoteza hata nywele. Nimezitazama picha za maboksi alizopiga shemeji yako kwa siri kabla sijakwangua. Kaka, kazi ile ni nzuri. Nimeandika sentensi hiyo na sijaifuta.

Sasa niambie wewe. Jengo limechorwa hivyo, juu lizidi chini? Ni mtindo?

Mdogo wako

*

Tarehe 12 Aprili

Mdogo wangu mpenzi,

Nimemwomba dereva apite kwako leo hii hii, nje ya siku zake, ili usihangaike zaidi.

Pole sana kwa usumbufu. Kosa ni langu, niliandika haraka, mwanga ulikuwa hafifu. Mahali palipoandikwa 2.62 weka 2.50. Kila kitu kiwe mita kumi, chini na juu. Hakuna mtindo wowote, ni kalamu tu.

Nataka pia nikwambie kwamba wewe ni msanii wa kweli. Nimekuwa nikiwaza jinsi unavyojituma, na najivunia kuwa na mdogo wa namna yako. Keki yako itakuwa ya ajabu, sina shaka hata kidogo. Hizo picha za maboksi zichome tu, hazina kazi tena. Na vipimo vya zamani navyo vichome, visije kukuchanganya.

Pokea mapenzi yangu mengi, pamoja na shemeji.

Kaka yako akupendaye

*

Tarehe 18 Aprili

Kaka,

Shikamoo nitakupa nikimaliza.

Tangu nizaliwe hujawahi kuniita mpenzi. Nilipofaulu mtihani ulisema lazima maswali yalikuwa mepesi. Nilipoolewa ulimuuliza shemeji yako kama anaona vizuri. Leo nimekuuliza swali moja la hesabu, umenivisha kilemba cha ukoka mpaka kimenifunika macho, na lori likaja kwangu kwa haraka ambayo hata mgonjwa wa dharura haipati hapa.

Unadhani mimi ni mjinga, na nakubali nimekusaidia kudhani hivyo. Lakini kuna kitu kimoja nakijua kuhusu wewe, ambacho hata maadui zako wanakubali. Hukosei kupima. Una kiburi, una mdomo mchafu, hukumbuki uliyemuumiza, ila tepu mkononi mwako haijawahi kusema uongo. Kwa hiyo 2.62 si kalamu. Ulipima ukuta, ukauandika ulivyo, na sasa unataka kuufuta.

Ukuta huo umelala kwa sentimita kumi na mbili, na wewe ndiye fundi wa lipu. Najua lipu hufanya nini. Mimi mwenyewe nimeficha keki zilizopinda kwa aisingi, tofauti ni kwamba keki haibebi darasa la juu.

Miaka sita nimekuwa nikikwangua kazi yangu kwa sababu ya neno lako moja. Nilidhani wewe unaona kitu nisichokiona. Umeniacha mara tano nijione kilema, ukanicheka, ukaniambia nafikiria chakula, na ukuta uliopinda ni wako. Nimekudharau, kaka. Naomba Mungu anisamehe, maana wewe ni mkubwa wangu, lakini ndivyo ninavyojisikia na sitaki kukwambia vinginevyo.

Nyuma ya lipu kuna nini?

Mdogo wako

*

Tarehe 23 Aprili

Mdogo wangu,

Umeandika kwa lugha ambayo ningempiga mtu kofi kwa ajili yake. Nimeisoma mara tatu nikitafuta mahali pa kukukosoa. Hapapo.

Haya. Ukuta wa kulia ulianza kuhama Januari, baada ya mvua moja tu. Waliuchimbia msingi mfupi, maana pale chini kuna mwamba na nyapara hakutaka kungoja upasuliwe. Mwanzo ulihama kidole kimoja. Nilimwambia nyapara. Akaniuliza mimi ni mhandisi tangu lini. Ulipofika vidole sita nikamwambia tena, akasema, "Wewe kazi yako ni kufanya uonekane umenyooka, si kuuliza umenyookaje." Nikapima, nikaandika vipimo kwenye daftari, nikajaza vipande vya matofali na saruji kuanzia chini, nene chini, nyembamba juu, nikapiga lipu. Ukiweka timazi leo, ukuta umesimama kama askari. Ni kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya, na kila nikipita pale naangalia upande wa pili. Ufa umetokea ndani mara tatu, nimeuziba mara tatu. Nilipokuwa nakuandikia vipimo, mkono ulinakili ulichozoea kunakili. Sikufikiri kwamba kuna mtu atavijenga.

Nyapara ni mshenzi, mhandisi ni mtu wa makaratasi, Mama Mkurugenzi anachojua ni rangi ya paa. Na mimi, ambaye nilikuwa nawacheka wote kutoka juu ya jukwaa, ndiye niliyeshika mwiko wa lipu. Nikisema leo nafukuzwa, na hakuna atakayemchukua tena fundi anayesema kilicho nyuma ya lipu.

Nakuomba. Weka 2.50. Keki ni keki. Ikiliwa imekwisha.

Kaka yako

*

Tarehe 2 Mei

Kaka,

Keki inakuja na dereva, imefungwa mkanda kwenye kiti cha mbele. Nimemkataza kuvuta sigara mpaka afike.

Nataka ujue nilivyoijenga, uwe na siku nzima ya kulifikiria. Sikuweka 2.50. Keki ya ndani nimeikata kwa vipimo vyako vya daftari. Ukuta wa kulia umelala, milimita sita, kama ulivyoupima. Halafu nimefanya ulichofanya wewe. Nimejaza aisingi kuanzia chini, nene chini, nyembamba juu, mpaka timazi ikakubali. Hiyo ya kujazia nimeitia rangi ya saruji. Juu yake nimepaka nyeupe. Milango, madirisha, ngazi, vyungu vya maua mlangoni, vyote nimevipamba kwa mkono wangu, na nilipomaliza nilikaa mbele yake nikaitazama kwa macho ya watu. Kisu kilikuwa mezani. Nikakiosha, nikakirudisha kabatini.

Ukitazama kwa nje hutaona kitu. Kisu kikianzia kona ya kulia, wote wataona. Kikianzia kushoto, mtakula na kupiga makofi, na watoto wataingia darasani. Kisu sitakishika mimi.

Niliwaza kumwandikia Mama Mkurugenzi. Barua imeandikwa, ina picha za maboksi na vipimo vyako kwa mwandiko wako. Dereva akirudi bila neno kutoka kwako, ataondoka nayo safari inayofuata. Sikutishi. Nakuachia siku moja ya kutangulia, kwa sababu wewe ni kaka yangu.

Mdogo wako

*

Tarehe 7 Mei

Mdogo wangu,

Barua yako ya Mama Mkurugenzi iweke, haina kazi. Nikwambie yote, pamoja na sehemu zangu mbaya.

Nilipoipokea keki jioni ile, nilichukua taa nikaizunguka. Nilijua kilicho ndani, umeniandikia mwenyewe, na bado nilitafuta mahali ulipoongeza. Niliweka jicho usawa wa ukuta. Nilipitisha kivuli cha rula. Miaka ishirini na miwili nipo kwenye lipu, sikupaona.

Asubuhi ya ufunguzi niliigeuza. Nilielekeza kona ya kulia kwenye ukuta wa nyuma ili mtu asiweze kuifikia. Ndiyo, nilifanya hivyo. Nilipanga kukaa kimya, nile, nipige makofi, halafu wewe unidharau kwa raha zako. Akaja mpiga picha, kijana mmoja anayejiona, akasema jua liko vibaya, akawaita wawili wakaigeuza meza. Mama Mkurugenzi akashika kisu na kukata pale pale.

Kipande kilipoanguka kwenye sahani, kijivu kikatokea, kinene chini, chembamba juu. Watu wakasogea kutazama. Nyapara ndiye aliyefungua mdomo, kama kawaida yake. Akasema, "Tazameni, keki imempinda, akajaza uchafu kuficha. Ndiyo faida ya kumpa kazi karani wa zahanati." Wakacheka mia mbili nzima. Mama Mkurugenzi akaisukuma sahani kwa kidole kimoja, kama mtu anayesukuma panya.

Ningenyamaza, ingeishia hapo. Walishaamini. Kumbe hivyo ndivyo ilivyo rahisi, nikakumbuka sherehe ya baba, na sauti yangu mwenyewe, na namna ulivyobeba keki kuirudisha jikoni. Nilikuwa nimekwambia siikumbuki. Nilikuwa naikumbuka siku zote.

Nikamwambia nyapara anyamaze. Nikasema, "Keki haikumpinda. Amejenga ukuta wako kama ulivyo, kwa vipimo vyangu, na lipu yangu ameiweka juu." Akasema nimelewa. Watoto walikuwa wameshapangwa ndani, darasa la chini, wanangoja kuimba. Nilimwambia mwalimu awatoe, kwa sauti ambayo hakuuliza sababu. Nikachukua nyundo, nikapiga chini ya dirisha la ukuta wa kulia. Lipu yangu ilichelewa kuvunjika, ni nzuri mno. Ilipofunguka, Mama Mkurugenzi aliingiza mkono mwenyewe, mpaka kwenye kifundo, akautoa na vipande vya matofali. Akavitupa chini. Nyapara alikwenda kutafuta kivuli kingine, mpaka leo hajaonekana.

Siku ile ile nilifukuzwa kabla ya saa sita, na saa nane nikaitwa tena, kuubomoa ule ukuta. Sitapiga lipu hapa, nitabomoa tu. Mafundi wenzangu wamegawanyika, wengine hawanisalimii. Watoto wako kwenye jengo lao la zamani, na wameimba huko huko. Keki yako waliila yote, hata kijivu. Mama Mkurugenzi alisema sukari imezidi.

Siku ya baba nilisema vile kwa sababu watu walikuwa wanaitazama keki yako na hakuna aliyekuwa ananitazama mimi. Ilikuwa nzuri. Ndiyo hiyo tu, na imenichukua miaka sita kuiandika.

Kaka yako

*

Tarehe 14 Mei

Shikamoo kaka. Sasa naitoa.

Nimeisoma barua yako, kisha nikaisoma tena kwa sauti, shemeji yako akiwa hapo. Sitakwambia kwamba yamekwisha, maana bado. Miaka sita ni Jumamosi nyingi, na kila moja nilisimama jikoni na kisu. Lakini ulisema mbele ya watu mia mbili, na mimi sikuwepo kukulazimisha. Hilo nalijua, na nalithamini.

Wenzako wasiokusalimia wache. Kama wanaona haya kusimama na wewe, basi kuna kuta zao ningependa kuzipima.

Dereva ameniletea barua ya Mama Mkurugenzi. Ameandika mistari mitatu, hana maneno ya ziada yule mama. Anataka keki nyingine, ukuta ukishasimama upya, na sukari ipungue. Hakuniuliza kama naweza, na mimi sikukuuliza wewe. Nimeshamjibu nimekubali, kwa sharti moja, kwamba vipimo nitakuja kuvichukua mwenyewe.

Nitafika Jumamosi ya pili ya mwezi ujao. Wewe utanishikia ncha ya tepu.

Mdogo wako,
Mpambaji